Mjomba, Mchanga Ulikuwa kwa Mama Buya

Mjomba,

Salamu nilikupa makaburini pamoja na wengine, na dua nikaitikia mpaka mwisho. Kwa hivyo hapa sianzi na salamu. Hapa nimekuja kugombana.

Usiniambie mtu hagombani na marehemu. Mimi nagombana. Shule niliacha kidato cha pili, na wewe mwenyewe ulikuwa ukiwaambia watu kwamba walimu walichinja mbuzi siku niliyoondoka, basi adabu za barua za msiba sikufika kuzisoma. Naandika kwa biro ya Halima, kwenye daftari la Halima, na mwenyewe hajui. Akijua atanivunja vidole. Siku hizi binti yako haniongeleshi. Nitafika huko.

Kwanza habari. Uwanja umekwisha. Ndiyo, ule wako wa nyuma ya nyumba, ulioupima kwa hatua zako ukimwambia kila apitaye kwamba hapa patakuwa kama pale Malindi ulipokuwa saisi, ukitunza farasi za watu mpaka mvi zikakuota. Mchanga umeingia, kina cha vidole vitatu, pembe hadi pembe. Nimeusawazisha kwa kuburuta kile kitanda cha chuma kilichovunjika nyuma ya punda. Hiyo ya kitanda hakunifunza mtu, ni akili yangu. Watu wamekuja kuangalia wakatikisa vichwa. Ungekuwepo ungesema umepinda upande wa kulia ili nisijisifu.

Kahawa yuko mzima. Mbung'o wanamsumbua, kwa hivyo kila jioni namfukizia mavi ya ng'ombe kama ulivyokuwa ukifanya, naye ananipigia chafya usoni makusudi. Farasi huyo ananidharau mpaka leo. Mama Halima yuko ndani, anakaa eda yake, na akitaka kunituma anaita kupitia dirishani kwa sauti ya kusikika mpaka stendi ya basi za Lamu.

Hizo ndizo habari. Sasa ugomvi.

Ulijua, Mjomba. Ulijua muda wote, ukanitazama nikihangaika na magunia ya mchanga kama mwendawazimu, ukanyamaza. Ukafa nayo. Mtu mzima, mwenye akili zake, anakufa na neno ambalo angelisema kwa dakika moja akinywa chai!

Ngoja nianzie mahali pake, maana nikikasirika napanga vitu vibaya.

Wewe na mimi tunajua kwa nini uwanja ulitakiwa. Halima miguu yake imekaza tangu azaliwe. Kule Malindi ulikuwa ukimpandisha juu ya Kahawa kila Jumapili, wageni wakiwa wamelala, na akizunguka saa nzima nyonga zinalegea, anashuka anaweza kukaa kitini bila kufungwa kanga kiunoni. Zizi lile lilipofungwa, mwenye nalo akakupa Kahawa kwa kukuaga. Ulirudi naye Garsen ndani ya lori la ng'ombe, umesimama naye ukimshika shingo, na watoto wakatufuata mpaka nyumbani. Mmoja aliuliza kama huyu ni punda aliyesoma. Ulicheka siku nzima.

Lakini udongo wetu mweusi haujali kwamba umetoka Malindi. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kwato, masika unashika kama gundi. Farasi akijikwaa Halima anaanguka, na Halima hana mikono ya haraka ya kujikinga. Ukasema hapandi mtu mpaka kuwe na uwanja. Ukamwaga maramu, ile changarawe nyekundu ya barabarani, ukaishindilia mpaka ikalia kama sakafu, ukaipa mteremko kidogo wa maji ya mvua. Ikabaki mchanga tu.

Mchanga tu! Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kuchagua mchanga kama anachagua mke.

Ulinikalisha chini ukanifundisha. Chukua kidogo, usugue kwa vidole karibu na sikio. Ukilia krr krr, una kingo, unashikana na kwato. Ukinyamaza, huo ni unga. Finya kiganjani, ukibaki donge kama ugali, una udongo, utakuwa vumbi kiangazi na tope masika. Tia kwenye chupa ya maji, tikisa, weka chini, hesabu taratibu kama unaomba. Mchanga safi unakaa haraka na maji yanakuwa meupe. Mchafu unabaki unazungukazunguka kama mimi mbele ya kazi. Hayo ni maneno yako. Na kina kisizidi vidole vitatu kwa kuanzia, maana mchanga mzito unachosha farasi na kuumiza kano za miguu, na ni rahisi kuongeza kuliko kupunguza.

Nikakwambia niachie mimi. Si mimi ndiye dereva wa trekta anayejulikana na kila lori linalopita Garsen? Nikapata rafiki anayerudi tupu kutoka Kipini, akanijazia mchanga wa pale kwenye vilima vya pwani. Mjomba, ulikuwa mweupe! Ulikuwa ukimeta! Tuliumwaga, majirani wakavua viatu wakatembea juu yake kama wako hotelini. Mimi nimesimama pembeni, mikono kiunoni, nangoja sifa.

Wewe ukaingia, ukazungusha kisigino mara moja. Kisigino kikazama, kikateleza. Ukasema, "Punje zake ni mviringo kama shanga. Kwato haina pa kushika. Barisa, umeniletea mchanga wa kupigia picha."

Niliutoa wote kwa sepetu, Halima akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu kivulini ananitangaza kama mpira wa redioni: "Barisa anainama, Barisa anachota, ah, Barisa amechoka jamani, watazamaji wanadai fidia!"

Nikaenda kuuliza kule juu, Bangale. Mchanga wa laga, yale makorongo yaliyokauka, mzuri, unakwaruza sikio. Lakini mchanga ni bure na lori si bure. Ungemuuza Kahawa ndiyo umletee mchanga wa kukanyaga. Nikaleta gunia moja la mchanga kwa pikipiki kutoka Bura, uliochotwa wakisafisha mifereji. Chupa ikasema nusu tope. Kila nikirudi na gunia unalisugua sikioni, unatikisa kichwa, unaniambia kitu kilekile: "Karibu zaidi, Barisa. Wewe unapenda safari. Tafuta karibu zaidi."

Nilidhani unanikejeli. Mara moja nilitupa gunia chini nikakwambia kama kuna mchanga karibu nionyeshe. Ukanitazama muda mrefu. Ukaenda kumnywesha Kahawa maji.

Huo mtazamo, Mjomba, nimekuja kuuelewa wewe umeshafukiwa. Ndiyo maana nataka kuvunja kitu.

Haya. Sasa niseme ile yangu.

Siku ile ulipokwenda Malindi kuchukua dawa za farasi, nilimtoa Kahawa. Ulikuwa umenikataza. Nilimpanda bila tandiko mpaka mtoni, kwa sababu kulikuwa na vijana kule wakioga, na mimi nimezaliwa kuonekana. Nikamfunga kwenye kisiki cha mathenge, ule mti wa miba, nikaingia majini kujitapa. Nilipotoka, kisiki kipo, kamba ipo, farasi hayupo. Nilimkuta katikati ya shamba la Mama Buya, jirani yetu mkulima, ametulia kama mgeni aliyekaribishwa, anatafuna mahindi machanga, na pojo zote ameshazikanyaga.

Nilimrudisha mbio. Nikamsafisha mdomo kwa maji. Nikamfunga palepale ulipomfunga wewe, fundo lako lilelile, au nilivyodhani. Uliporudi ukaniuliza kama kuna lolote. Nikasema farasi hakutoka hata hatua moja, wallahi.

Niliapa, Mjomba. Neno hilo nimeliandika.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Mama Buya akaja pale kwenye kibanda cha chai, kwenye madalali wote wa ng'ombe, akasimama mbele yako. Alisema kwa heshima, mimi nilikuwepo: "Ndugu yangu, farasi yako imekula shamba langu. Njoo uone alama za kwato." Mimi ndiye niliyeruka kama chura nikasema hizo ni alama za punda. Farasi mmoja tu katika eneo zima, na mimi nikadhani dunia nzima itaamini punda! Lakini wewe uliniamini. Ukamwambia yule mama mbele ya watu, "Mama, umeona punda ukaota farasi." Watu wakacheka. Kibanda kizima kikacheka. Na akatokea mjinga mmoja akaongeza kwamba watu wa mashamba wakiona hata kivuli cha mnyama wetu wanataka fidia, na kicheko kikageuka kuwa kingine, kile cha wafugaji juu ya wakulima, unakijua. Mama Buya akafunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Mimi nilicheka kuliko wote.

Halafu miezi ikapita, mchanga huu, mchanga ule, na siku ile baada ya alasiri ukasema kifua kinabana. Tulikuweka kwenye gari, ile Probox, tukukimbize hospitali. Kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu. Ulikuwa unanitazama vilevile, mtazamo ule, ukafungua mdomo. Nikakwambia usiongee, Mjomba, pumzika. Mimi mpumbavu nikakwambia usiongee. Hatukufika.

Baada ya arobaini yako Halima alianza kukaza zaidi. Hakusema. Unamjua, atasema kila kitu kuhusu kila mtu isipokuwa maumivu yake. Lakini Mama Halima akaanza tena kumfunga kanga kiunoni, na asubuhi nilikuwa nasikia anavyohema akinyooshwa. Siku moja Halima akanipigia kelele: "Barisa, wewe kazi yako mdomo tu! Abba aliacha uwanja bila mchanga na wewe unazunguka na trekta ya watu ukipiga honi! Mchanga uko wapi?"

Nikatoka na hasira. Nikapita njia ya mtoni, na njiani nikaona lundo. Unajua mafuriko yalivyofanya kule: yalivunja kingo, yakaingia mashambani, yakaacha mchanga wa kufika magotini juu ya udongo mzuri wa watu. Mama Buya tangu wakati huo anaukwangua kwa jembe na kutupa kando ya njia, toroli moja baada ya jingine, ili apate pa kupanda. Nimepita pale mara ngapi? Kila siku. Sisi wa ng'ombe tukipita pale tunaangalia majani tu, kama yamefikia kulishwa. Hakuna mmoja wetu aliyewahi kuangalia anachotupa mkulima.

Nilishuka kwenye trekta. Nikasugua kidogo sikioni. Krr krr. Nikafinya, ukamwagika. Nikatoa chupa yangu ya maji ya kunywa, nikatia, nikatikisa, nikaiweka juu ya tairi. Sikufika hata kumi, maji yalikuwa meupe. Mchanga ule wa karibu na pale kingo zilipovunjika, mnene, umeoshwa na mto wenyewe. Umbali wa kutema mate kutoka nyumbani kwetu. Na mwenye nao anautupa!

Nilicheka peke yangu njiani. Halafu nikageuka, nikamwona amesimama na jembe lake, ananiangalia.

"Umepata?" akaniuliza.

Nikasema Mama shikamoo, nikasema mchanga huu kama huna kazi nao naweza kuusomba. Nilitumia ile sauti yangu ya kuombea lifti. Hakujibu shikamoo. Akasema mchanga niuchukue hata leo, hautaki, umemla mgongo. "Lakini kwanza nikuulize. Siku mliyomzika mjomba wako, wenu walitangaza: kama kuna mtu aliyekosewa na marehemu, aseme au amsamehe. Nilikuwa barabarani pale, na leso kichwani, nimekuja kumzika jirani. Watu wote wakaangaliana. Hakuna aliyegeuza shingo kuangalia barabarani. Hata wewe."

Nikaanza kusema sijui nini kuhusu punda. Mjomba, bado nilisema punda! Ulimi huu!

Akaninyamazisha kwa kiganja. Akasema ulikwenda kwake. Siku mbili baada ya mnada ulikwenda, ukasimama mwisho wa shamba, hukuingia mpaka alipokukaribisha. Ukamwambia umeona majani ya mahindi kwenye mavi ya farasi, na fundo la kamba limefungwa kinyume na mkono wako, basi ni kweli, farasi alikula, na wewe umemwita mwongo naye alisema kweli. Ukaomba msamaha. Akakwambia heshima alivunjiwa pale kwenye kibanda cha chai, basi msamaha nao uletwe palepale, mbele ya watu walewale waliocheka. Ukasema hiyo ni haki yake. Lakini ukasema huwezi kusema hadharani bila kusema nani aliapa. "Nipe muda, mama. Mwenye maneno atakuja mwenyewe." Na ukasema kuhusu mchanga wake, kwamba ndio unaoutaka kuliko wote uliowahi kuushika, na kwamba hutachota hata kiganja mpaka neno hilo limekwisha.

Akasema, "Nilikuwa nikimwona akipita hapa, nikimuuliza: amekuja kwako? Anasema bado. Mwishowe nikaacha kumuuliza, nikamwonea huruma."

Basi nisikilize sasa, wewe mtu mkaidi.

Kwa nini hukunipiga? Ulikuwa na fimbo. Ulikuwa na mdomo. Mtu aliyeweza kunisema kwa sababu ya kukunja kamba vibaya alishindwa kuniambia, "Barisa, umeapa uongo, inuka twende"? Ningekataa mara moja, mara mbili, ya tatu ningekwenda. Unanijua, mimi ni mpaka nisukumwe. Punda wako mwenyewe unamsukuma, mimi unaningoja! Ulidhani nina nini humu ndani, malaika? Ulikuwa unangoja mtu gani aje? Mimi ningezeeka nimekaa na ule uongo vizuri tu, nalala, nakula, natania watu.

Na wakati ukiningoja, Halima alikuwa anakaza. Hilo ndilo nisilokusamehe. Ungemwona juu ya Kahawa, ndani ya uwanja wako, mwezi wote ule wa mwisho. Ungemshika kiuno mwenyewe. Mchanga ulikuwepo! Ulikuwa unaupita ukienda swala! Ukachagua kunitunzia jina, jina langu mimi, ambalo hata mbwa wa stendi hawalijali, ukaacha watu wakuone mwenye kiburi na mwanao akae kwenye kiti. Nani alikutuma? Nilikuomba?

Nilisema haya yote kwa sauti, peke yangu, nikiendesha trekta. Watu wakadhani naimba.

Siku ya mnada nilikwenda. Sikutaka kwenda. Niliosha uso mara tatu. Madalali walewale, kibanda kilekile, na Mama Buya nilimwomba aje, akaja, akasimama nje na kikapu chake. Nikapanda juu ya kreti ya soda ili nionekane, kisha nikaona ni kujionyesha, nikashuka. Nikasema, mnakumbuka siku mama huyu aliposema farasi amekula shamba lake? Farasi alikula. Mimi ndiye niliyemtoa, mimi ndiye niliyemwacha, mimi ndiye niliyesema punda. Na mjomba wangu nilimwapia, akanena alichonena kwa kuniamini mimi. Mama hakusema uongo. Mwongo ni huyu mnayemwona.

Walicheka kwanza. Walidhani ni moja ya vituko vyangu. Nikangoja. Nilipongoja ndipo wakaacha. Dalali mmoja mzee akaniuliza, "Na mjomba wako alikuja kujua?" Nikasema alijua siku mbili tu baadaye, akanificha. Yule mzee akaweka kikombe chini, akasema astaghafirullah, akaangalia kando. Wewe umepata heshima yako yote siku hiyo. Mimi nimebaki na ninachostahili, kuna wazee mpaka leo wakiniona wanaita "Punda!" na hawatabasamu.

Mama Buya akasema, "Nimesikia." Halafu akasema, watu wote wakisikia, "Marehemu nimemsamehe, Mungu amsamehe. Wewe bado. Wewe leta trekta."

Na akanikomesha, Mjomba. Hakunipa ule mchanga mzuri tu. Alisema natoa wote, mzuri na mbaya, shamba zima, mpaka udongo mweusi uonekane. Mzuri niupeleke kwa farasi, mwingine niumwage kule kwenye mashimo ya barabara. Nimesomba mpaka viganja vikachubuka. Kisha nikachekecha ule wetu wote kwenye wavu wa vitanda, kwa mkono, kwa sababu miba ya mathenge ilikuwa imejificha humo, na mwiba mmoja ukiingia kwatoni kazi yote ni bure. Mama Buya alikuwa akipita akiangalia chekeche, anasema, "Rudia pale." Narudia. Sasa amepanda pojo. Kahawa nimemfunga kwa mnyororo.

Kumwambia Halima ndiko kulikokuwa kugumu kuliko mnada. Nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia kwa watu. Nilikaa chini mbele ya kiti chake nikamwambia yote, mpaka pale ulipongoja na yeye akawa anakaza. Nilidhani atanitukana. Mimi najua kuishi na matusi yake, nimekua nayo. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja: "Abba alikuwa anapita pale kila siku?" Nikasema ndiyo. Akageuza kiti chake kwa mikono, mwenyewe, na unajua anavyochukia kukigeuza mwenyewe, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo haongei nami. Wiki tatu. Nyumba imenyamaza mpaka kuku wanashangaa.

Jana tulimpandisha. Mama Halima hatoki, kwa hivyo aliyekuja kumshika upande wa pili ni Mama Buya, na alikuja bila kuitwa, na kanga mbili. Kahawa alisimama kama ukuta, sijui nani alimwambia. Nilimwinua Halima, akawa mzito kuliko mwaka jana, na miguu ilikataa kufunguka, akauma mdomo, tukangoja, ikafunguka kidogo, akakaa. Nikashika kamba ya kuongozea. Mchanga ulilia krr chini ya kwato, haukuteleza, haukuzama. Nilikuwa naangalia miguu ya farasi tu, Mjomba, hatua kwa hatua, kama ulivyokuwa ukiniambia nikawa sisikii.

Tulizunguka mara mbili. Kisha nyuma yangu nikasikia sauti: "Kushoto."

Nikaenda kushoto.

"Polepole."

Nikaenda polepole. Mama Buya akaniangalia juu ya shingo ya Kahawa, akatazama pembeni.

"Simama. Twende. Kamba umeishika vibaya."

Ni hayo tu. Hakuna jina langu, hakuna utani. Aliposhuka hakusema ahsante. Lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka, na jioni Mama Halima alimweka kitini akaacha kanga imekunjwa kitandani.

Mimi bado nimekukasirikia. Sitaki uondoke ukidhani nimeandika kurasa zote hizi ili nimalize kwa kulia. Ulikosea kuningoja, na nikija huko tutaanzia hapo, hata kama kuna watu wanasikiliza. Lakini kuna jambo nakuahidi, na safari hii siapi, nasema tu, kwa sababu kiapo changu unakijua. Kila alasiri nitamwongoza. Nitasawazisha mchanga, nitaokota miba, na Halima akisema kushoto nitakwenda kushoto, akisema simama nitasimama. Mwezi, mwaka, vyovyote. Sitamwomba aongee nami, wala sitamngoja kimya kama wewe ulivyoningoja mimi. Kila siku tukianza nitamwambia nilikosea, kwa sauti, Kahawa na Mama Buya wakisikia, hata kama jibu ni "Twende" tu.

Alasiri imeingia. Halima ananipigia mluzi kutoka uwanjani. Si kwa jina, ni mluzi, lakini ni mimi anayeniita.

Lala salama, Mjomba. Nakwenda.

Barisa